Salongo ya Mama Chance

Pale Nyamianda, mjini Uvira, mtu aliyepotewa na siku hakuhitaji kalenda, alitega sikio tu. Mashine ya Mama Chance ikinguruma, ni siku ya kazi. Ikinyamaza, ni Sabato. Ilikuwa mashine ya mafuta ya kusaga mihogo, kuukuu, imefungwa ndani ya kibanda cha mabati kando ya barabara, na kelele zake ziliwaudhi wageni na kuwatuliza wenyeji. Mwenye mashine alikuwa Georgette, ambaye karibu kila mtu alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Chance, aliyeolewa ng'ambo, Bujumbura. Kila Ijumaa, jua likianza kuegemea milima, Georgette aliizima mashine, akajipangusa unga kwenye nyusi, akafunga mlango. Baada ya hapo hata gavana angekuja na gunia kichwani, angerudi nalo nyumbani vilevile.

Mumewe, Norbert, alikuwa mwashi, na Mkatoliki wa misa ya kwanza. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa na siku mbili takatifu, na utani usiokwisha. Norbert alidai kwamba mkewe humbishia Mungu hodi kabla ya siku ya mwaliko. Georgette akamjibu kwamba yeye Norbert hufika karamu imekwisha, akabaki kulamba sahani. Hawakuwahi kugombana juu ya siku za ibada. Waligombana juu ya chumvi, juu ya redio, na juu ya ndugu za Norbert waliokuja kusagisha mihogo bila kulipa.

Sabato yake Georgette hakuitoa kitabuni. Alizaliwa huko juu milimani, Bijombo, na baba yake, Gracien, alikuwa mkulima wa viazi aliyetumwa na kila mtu. Siku sita alikuwa wa shamba, wa mtwale aliyetawala kijiji, wa mtoza kodi, wa yeyote aliyepita na bunduki akitaka mtu wa kumbebea mzigo. Siku ya saba hakuwa wa mtu. Alitoka kanisani, akaketi mlangoni pake, akanyoosha miguu, na hata mwenye bunduki akija alimwambia kwa upole, "Leo hapana." Mara mbili walimpiga kwa neno hilo. Georgette alikuwa mtoto, lakini aliipenda siku ile kuliko Noeli, kwa sababu ndiyo pekee aliyomwona baba yake akiwa bwana wa nafsi yake.

Vita ilipokaribia bonde la Ruzizi, amri ziliingia Uvira kabla ya risasi. Pikipiki zisitembee jua likizama. Wavuvi wasiwashe taa ziwani. Harusi zifanyike bila muziki. Kila amri ilikuja na maneno yaleyale mgongoni: tuko mu vita, ni kwa muda tu. Nyingine zilikuwa na maana, nani atabisha? Lakini nyingine vita haikuwa na haja nazo hata kidogo, ziliingia tu kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Mtu akikunyang'anya baiskeli yako mchana kweupe ukamuuliza sababu, anakujibu tuko mu vita, nawe unabaki barabarani umeshika pampu.

Ijumaa moja akapita Frédéric, shefu wa avenue, mtaa wao, mzee mwenye sauti ndogo na megafoni kubwa. Alikuwa jirani mwema, na kosa lake moja lilikuwa kutii yeyote aliyeshika mji.

"Kesho siku ya posho, kila muntu na jembe yake! Salongo, saa moja mupaka saa ine! Milango yote ya biashara kufunga! Ni kwa muda tu, tuko mu vita!"

Siku ya posho ni Jumamosi, na salongo ni kazi ya lazima ya kusafisha mtaa kwa pamoja. Georgette akatoka kibandani, mweupe kwa unga kutoka kichwani hadi miguuni.

"Shefu, mupaka siku gani?"

"Siku gani ya nini, Mama Chance?"

"Hiyo muda. Inaisha siku gani?"

Frédéric aliigeuzageuza megafoni, kana kwamba jibu lingedondoka humo. "Balisema tu ni kwa muda."

"Haya. Minye siku ya posho niko naenda kusali, weye unajua. Salongo yangu nitaifanya siku ya yenga, kisha Baba Chance akienda misa."

Frédéric akajifanya hakusikia. Ndivyo alivyotawala avenue ile miaka yote, na kwa kweli hakuitawala vibaya. Kila Jumamosi watu walizibua mfereji wa maji unaotoka mlimani kwenda ziwani, mfereji ambao mvua ikinyesha hujaa mchanga, chupa na mifuko hadi maji yanaingia majumbani. Kila Jumapili, siku ya yenga, Georgette alizibua kipande chake peke yake. Hakuna aliyemsumbua.

Kisha, Desemba ile, mji ukabadilisha watawala. Wengi walivuka mpaka na magodoro vichwani. Georgette na Norbert walijifungia ndani, wakasikiliza mizinga, wakala mihogo ya wateja kwa ahadi ya kuirudisha. Milio ilipokoma, kulikuwa na askari wengine barabarani, bendera nyingine, na lafudhi nyingine kwenye vizuizi. Watu wakaitwa uwanjani kusikiliza. Askari wapya walieleza kwamba wamekuja kuwakomboa kutoka kwa wale wa zamani, walioonea raia. Watu wakapiga makofi, kama watu wanavyopiga makofi mbele ya bunduki. Ndipo akasimama Emery, msimamizi mpya wa kartiye, yaani kata nzima, mwanamume mwenye suruali iliyopigwa pasi na tabia ya kuongea polepole, akatangaza amri ya kwanza ya ukombozi.

"Salongo. Kila siku ya posho. Kwa muda tu, juu tungali mu vita."

Na aliyeshikilia megafoni karibu na mdomo wake alikuwa Frédéric, yuleyule.

Georgette akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka kikubwa, cha tumboni, katikati ya uwanja uliokuwa kimya, na Norbert akamfinya mkono hadi kucha zikaingia. Emery aligeuza kichwa polepole, akamtazama, akamweka akilini.

Tuseme ukweli: Norbert alikuwa mwoga. Wala sisemi kwa kumdharau, kwani mwashi ni mtu aliyezoea kuona jinsi nyumba inavyoanguka. Ijumaa hiyo jioni alimsihi mkewe kwa kila njia.

"Mama Chance, ni masaa matatu tu. Jembe tu. Mungu hatakufa."

"Mungu hatakufa, njo. Minye je?"

"Basi kama unaenda kusali, pita njia ya nyuma, ku mashamba. Nani atakuona huko?"

"Niliiba nini, nipite nyuma?"

Asubuhi yake alivaa gauni lake la buluu, akabeba Biblia na kitabu cha nyimbo, akapita barabara kubwa. Avenue nzima ilikuwa mferejini. Majembe yalisimama moja baada ya jingine kadiri alivyokaribia. Frédéric akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Emery alisimama katikati ya njia, amevaa buti safi, mkononi ana jembe la ziada, na ilikuwa wazi kwamba alimtazamia.

"Mama, shikamoo. Umechelewa kazi."

"Marahaba, shefu. Kazi yangu iko kesho."

"Kesho hakuna salongo."

"Itakuwako. Nitaileta minye."

Watu wawili watatu wakakohoa ili wasicheke. Emery hakukasirika. Alizungumza kwa upole, kama mwalimu kwa mtoto mzito wa kuelewa.

"Mama, minye sikatazi dini. Vita ikiisha, kila muntu atachagua siku yake. Sasa hivi mambo ya uhuru yangojee."

"Itaisha siku gani?"

"Nani atajua?"

"Basi munaniomba kitu, na hamujui mutanirudishia siku gani," Georgette akasema. "Hata ndugu za bwana yangu hawakopi hivyo."

Hapo kicheko kikawashinda watu, na kicheko kile ndicho kilichomgharimu. Alipotoka kanisani mchana, alikuta mnyororo mzito kwenye mlango wa mashine yake, na kwenye mnyororo kufuli jeusi, kubwa, jipya. Frédéric alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Amesema utapata ufunguo siku ile utakuja salongo," alisema akitazama chini. "Siku ya posho. Mama Chance, nisamehe."

Georgette aliligusa kufuli. Lilikuwa na joto la jua. Mashine ile aliinunua kwa miaka ya kuuza unga kwa kikopo sokoni, tena akaificha chini ya mchanga vita iliyotangulia, akaichimbua na kuisafisha skrubu kwa skrubu. Akaketi kwenye gogo ambalo wateja wake hukalia wakisubiri zamu, akalia kidogo. Kisha akainuka, kwa kuwa Sabato ilikuwa bado haijaisha na hakutaka kuimalizia kwenye gogo.

Jumapili alitoka saa moja, saa ileile ya amri, na jembe lake. Akashuka mferejini. Tope lilikuwa jeusi, linanuka, limejaa mifuko. Alianzia pale walipoachia wenzake jana, akachimba. Wakatoliki wakapita kwenda misa, na miongoni mwao Norbert, na shati lake jeupe. Alipomfikia mkewe akaangalia upande wa pili wa barabara. Georgette alimwona. Alichimba kwa nguvu zaidi, na tope likamrukia mdomoni.

Haukupita muda Emery akafika.

"Nani amekutuma hapa?"

"Hakuna."

"Acha mara moja."

Georgette akanyoosha mgongo. "Shefu, jana umenifungia mashine juu nilikataa salongo. Leo unanikataza salongo?"

"Salongo bila ruhusa ni mukutano."

"Mukutano ya muntu mumoja?"

Emery akatazama barabarani. Wapita njia walikuwa wamesimama sasa, wamevaa vizuri, na shughuli yao ya misa ilianza kuchelewa. Mtu hawezi kumkamata mwanamke kwa kosa la kuzoa uchafu mbele ya watu wanaotoka nyumba zenye uchafu huo. Akaondoka, na Georgette akamaliza kipande chake.

Lakini kuchekesha watu ni jambo moja, kula ni jingine. Wiki ile akina mama wa Nyamianda walilazimika kubeba mihogo yao hadi mashine ya mbali, kupitia kizuizi ambako askari walichovya mikono katika kila beseni. Waliorudi hawakumsalimia Georgette kwa uchangamfu. Mchungaji wake mwenyewe, Sévère, alimjia nyumbani, akakalia nusu ya kiti.

"Mama, Bwana alisema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, mtu amtoe. Mungu anaelewa dharura."

"Anaelewa, pasta. Lakini hii ng'ombe inaanguka kila siku ya posho, saa moja kamili," alisema Georgette. "Hiyo haianguki. Hiyo iko na mwenye kuisukuma."

Mchungaji akacheka licha ya nafsi yake, akanywa chai, akaenda. Jumamosi iliyofuata waumini kadhaa walionekana mferejini na majembe, na Georgette akapita barabara kubwa peke yake na Biblia yake. Hakuwalaumu. Kila mmoja ana watoto na woga wake.

Aliyemuumiza hasa ni Laurette. Laurette, Mama Délice, alikuwa mteja wake wa kila siku, muuza bugali na samaki kwa watu wa pikipiki. Bila unga wa karibu, sufuria yake ililala. Alimkuta Georgette kisimani akamwambia mbele ya wote.

"Mungu yako hawezi kufunga macho masaa matatu? Batoto yangu banalala na njaa juu ya siku yako!"

Georgette alisimama na ndoo yake, uso umemuiva. "Mama Délice, amri ya wale wa zamani ilikuwa kwa muda. Hii ya hawa wapya iko kwa muda. Nikiwapa siku yangu, kesho watakuja kuomba nini kwako?"

"Sina kitu ya kuomba! Niko na sufuria tu!"

"Basi wataomba sufuria."

Laurette akaondoka akimtukana. Maneno hayajamshibisha mtoto hata siku moja, na Georgette alilijua hilo. Usingizi ulimpaa. Alikaribia kabisa kusema ndiyo, na asubuhi ya Ijumaa alilitoa jembe uani, akaliegemeza mlangoni, akalitazama huku akimenya mihogo. Alimkumbuka baba yake mlangoni, miguu imenyooshwa. Jioni akalirudisha jembe mahali pake.

Jumapili alipokuwa mferejini akasikia jembe jingine likilia nyuma yake. Ni Laurette, kanga kiunoni, amenuna.

"Sikuja juu ya Mungu yako," akasema bila kusalimu. "Jana pale kizuizini askari amechukua sufuria yangu. Nikamuuliza mbona. Unajua amejibu nini?"

"Tuko mu vita."

"Tuko mu vita!" Laurette akatema mate, akachimba. Alichimba kama anayemchimbia mtu kaburi.

Misa ya kwanza ilipotoka, wengine wakajiunga, nguo za ibada zimepandishwa magotini. Hakuna aliyeita. Mmoja alisema anapunguza uchafu wa mlangoni pake tu, mwingine alisema ananyoosha mgongo. Waliimba, walitaniana, mtu akaleta chai ya maziwa. Kazi ambayo Jumamosi waliifanya kwa kuvuta miguu, siku hiyo iliwaishia kabla jua halijawa kali. Na Jumamosi iliyofuata Emery alikuta mferejini wazee wachache na waumini wa Sévère. Wengine wote, walipoulizwa, walisema wanangojea siku ya yenga.

Emery hakuwa mjinga. Jioni ileile, Frédéric alipita na megafoni.

"Salongo imehama! Tangu kesho ni siku ya yenga, saa moja mupaka saa ine! Ni lazima kwa wote! Hakuna kanisa kufungua mbele ya saa ine! Ni kwa muda tu!"

Nyuma ya megafoni alikuja Emery mwenyewe hadi uani kwa Georgette, akanyoosha kiganja. Ufunguo ulikuwa juu yake.

"Mama, umeshinda," akasema kwa tabasamu. "Siku yako tumeikubali. Kesho uko mu mufereji, kama siku zote. Nitakupa hii mbele ya watu wote, na mashine itaimba."

Alipoondoka, Norbert alipiga makofi kwa furaha. Georgette hakupiga. Alimtazama mumewe.

"Na misa?"

"Misa gani?"

"Ya kwako, Baba Chance. Saa moja."

Norbert alishusha mikono. Akaona haya kidogo, kisha akatikisa bega. "Ah. Ni masaa matatu tu. Mungu hatakufa."

Georgette alisikia maneno yale yakirudi kutoka mdomo uleule, na hasira zikampanda hadi masikioni. Hakumkasirikia Norbert. Alikasirika kwa ajili yake. Mtu yule hakukosa misa tangu wamejuana ila kwa malaria, na sasa alikuwa akiitoa siku yake kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwingine.

"Walikuwa wananinyang'anya minye," alisema taratibu. "Sasa wamenipa kisu niwasaidie kukunyang'anya weye. Hapana. Kesho vaa shati yako."

Asubuhi walitoka pamoja, Norbert na shati jeupe, Georgette na gauni la buluu ambalo halijawahi kuonekana Jumapili. Pale penye njia panda, Norbert alisimama. Njia ya nyuma ilikuwa kulia, inapita mashambani, haina mtu. Georgette akamngoja. Norbert akavuta pumzi, akashika barabara kubwa.

Avenue ilikuwa mferejini, kimya, na wenye bunduki walisimama juu ya kingo. Hapakuwa na wimbo wala chai. Emery alimwona Georgette, akainua ufunguo juu ili wote wauone.

"Mama, jembe yako iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Siku hii si njo siku yako?"

"Siku yangu ilikuwa jana. Leo ni siku ya bwana yangu, niko namsindikiza." Aliutazama ufunguo. Aliutaka. Aliutaka hadi vidole vikamwasha. "Salongo yetu tutaifanya kesho."

"Ukipita hapa, ufunguo huu nautupa ziwani."

Hapo Norbert akasema, na sauti yake ilitetemeka kama ya mtu mwenye homa, lakini ilisikika. "Tupa, shefu. Ziwa iko pale."

Wakapita. Nyuma yao majembe mawili yakaanguka chini, kisha mengine. Padri aliyefunga mlango kwa amri alisikia watu nje wakianza wimbo wa kuingilia bila yeye, akafungua. Georgette alikaa misa nzima bila kujua lini kusimama na lini kupiga magoti, na Norbert akawa anamvuta gauni.

Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, saa moja walikuwa mferejini, wao, na Laurette, na nusu ya avenue. Walipomaliza, Norbert alikwenda nyumbani akarudi na nyundo na patasi yake ya chuma. Watu walimfuata hadi kwenye mashine. Alilitazama kufuli kama anavyotazama jiwe kabla ya kulipasua, akatafuta mahali pake dhaifu, akapiga. Aliogopa, na pigo la kwanza lilimponyoka likampiga kidole. Aliendelea kupiga. Mnyororo ulipoanguka, Georgette aliingia, akamimina mafuta, akazungusha mkono wa mashine, na ngurumo ikajaa Nyamianda.

Norbert hakusubiri kutafutwa. Aliokota kufuli na mnyororo, akavifunga katika gazeti, akaenda navyo hadi ofisi ya kartiye mchana kweupe.

"Nimewaletea kadena yenu," akamwambia Emery. "Imeharibika kidogo."

Wakamweka ndani. Georgette alimpelekea bugali kila siku, akageuzwa mlangoni, akarudi tena na sahani. Mashine haikufungwa. Walijaribu, lakini kila walipokuja na kufuli jipya walikuta foleni ya akina mama na majembe, wakisubiri unga, na hakuna aliyetoa njia. Jumamosi mashine ilinyamaza kwa ajili ya Georgette. Jumapili nayo ikanyamaza, kwa ajili ya aliyekuwa ndani.

Mwezi wa kwanza haujaisha, wenye mji wakaondoka kama walivyokuja, na Emery pamoja nao. Walinzi walitoroka bila kufunga mlango. Norbert alifika nyumbani kwa miguu, amekonda, ndevu zimeota, akaomba maji ya kuoga kwanza na kukumbatiwa baadaye. Georgette hakufuata mpangilio huo.

Wale wa zamani wakarudi na bendera ya zamani. Watu walishangilia, wengine kwa moyo. Ijumaa ya kwanza, megafoni ikasikika mwanzo wa avenue.

"Kesho siku ya posho! Salongo! Kila muntu na jembe yake! Ni kwa muda tu, tungali mu vi..."

Georgette alizima mashine. Alitoka, mweupe kwa unga, akavuta pumzi ya kuuliza swali lake. Hakuwahi.

"Mupaka siku gani?" Laurette aliuliza, kutoka mlangoni pake, mwiko mkononi.

"Mupaka siku gani, shefu?" akauliza mwenye duka la sabuni. Na fundi viatu. Na waumini wa Sévère, na Sévère mwenyewe, na Wakatoliki wa ng'ambo ya mfereji. Mlango kwa mlango swali lilishuka avenue hadi ziwani.

Frédéric aliteremsha megafoni. Bila megafoni alikuwa mzee mdogo, mchovu.

"Sijui," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Batoto yangu, sijui. Hawaniambiaka."

"Basi rudi ukawaulize," Norbert alimwambia, akiketi kwenye gogo la wateja, akanyoosha miguu. "Shiye tutakuwa mu mufereji siku ya kwanza, kisha yenga, saa moja. Wakitaka kutusaidia, waje na majembe."